Walter Shewhart: Mwanafizikia wa ukurasa mmoja ambaye hesabu zake zimefika Palma

Baharini, kiasi cha kilomita 50 kutoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, imetia nanga meli isiyokwenda popote. Inaitwa Coral Sul. Ina urefu wa mita 432, na imefungwa kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha takriban mita 2,000. Kazi yake ni kuvuta gesi iliyo chini ya bahari na kuipoza hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri ili igeuke kimiminika. Ujazo wake ukishapungua mara 600, gesi hiyo hupakiwa kwenye meli za wanunuzi. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022.

Mvuvi wa Palma anayepita mbali na taa zake usiku huona chuma tu. Wahandisi waliokipokea chuma hicho kutoka kiwanda cha meli cha Korea Kusini waliona kitu kingine pamoja nacho, yaani karatasi. Katika sekta ya gesi kila vali, bolti na ungio la bomba lina historia yake iliyoandikwa: nani alilitengeneza, kwa mashine gani, vipimo vilitoka vipi. Na kwa sehemu zinazotengenezwa kwa maelfu, mnunuzi huuliza swali gumu zaidi ya kama kipande alichoshika mkononi ni kizuri. Huuliza kama kiwanda kilichokitengeneza kina uwezo wa kuvitoa vingine vya aina ile ile kesho na keshokutwa. Jibu huandikwa kwa tarakimu fupi kama 1.33 au 1.67, na kampuni ndogo nyingi zimekosa zabuni kwa kutojua tarakimu hiyo inatoka wapi, au kwa kuiandika bila kuielewa.

Inatokana na kazi ya Walter Andrew Shewhart, Mmarekani ambaye wahandisi wa viwanda duniani kote humwita baba wa udhibiti wa ubora kwa njia ya takwimu. Tarakimu yenyewe hakuibuni yeye. Alichokifanya ni kuweka msingi ambao bila huo tarakimu hiyo haina maana, na sehemu kubwa ya matatizo ya leo katika kuripoti uwezo wa kiwanda hutokea pale watu wanapoichukua hesabu na kuuacha msingi.

Shewhart alizaliwa Machi 18, 1891, New Canton, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois hadi shahada ya pili, kisha akaenda Berkeley, California, alikopata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1917. Alifundisha kwa muda mfupi. Kwamba alikuwa mwanafizikia si jambo dogo katika hadithi hii. Fizikia ya zama zake ilikuwa imeshazoea wazo kwamba chembe moja ya gesi haitabiriki, inagonga huku na kule, lakini mamilioni ya chembe hizo kwa pamoja hutii kanuni iliyo wazi. Mtu aliyelelewa na wazo hilo akiingia kiwandani hataona ajabu vipande viwili vikitofautiana. Atauliza kama tofauti hizo zina utaratibu.

Kiwandani aliingia mwaka 1918. Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu vya mtandao wa Bell, ilimwajiri katika idara ya uhandisi wa ukaguzi. Kiwanda chake kikubwa, Hawthorne, kilikuwa Cicero, pembeni mwa Chicago, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000. Simu ilikuwa bidhaa ya ajabu kwa wakati ule. Mteja aliona kisanduku na mkono wa kuongelea, lakini nyuma yake kulikuwa na vikuza sauti na nyaya, nyingine zikiwa zimefukiwa ardhini. Kifaa kilichofukiwa kikiharibika, gharama ya kukichimbua ilizidi bei yake mara nyingi. Ndiyo maana kampuni ilitaka vifaa vifanane.

Njia iliyokuwapo ya kuhakikisha hilo ilikuwa ukaguzi. Wakaguzi walikaa mwisho wa mstari wa uzalishaji, wakatenga vizuri na vibaya. Vibaya vilitupwa au vilirudishwa kutengenezwa upya, na gharama zote hizo zilikuwa za kampuni. Kulikuwa na shida nyingine isiyoonekana haraka. Kila kipimo kilipotoka juu kidogo, fundi alirekebisha mashine ishuke. Kiliposhuka, aliipandisha. Walifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na tofauti zikazidi kuongezeka badala ya kupungua. Nahodha yeyote wa jahazi kati ya Mocímboa da Praia na Mtwara analijua kosa hili: anayegeuza usukani kwa kila wimbi atafika amechoka, na njia yake itakuwa ndefu kuliko ya mwenzake aliyetulia.

Mei 16, 1924, Shewhart alimpelekea mkuu wake, George Edwards, waraka mfupi. Ulikuwa wa ukurasa mmoja hivi, na theluthi yake ilikuwa mchoro. Edwards aliukumbuka baadaye kama mwanzo wa kila kitu kilichofuata katika fani hiyo. Mchoro ule leo unaitwa chati ya udhibiti.

Chati hiyo ni rahisi kiasi cha kushangaza. Fundi huchukua vipande vichache kila baada ya muda, vinne au vitano, anavipima, anatafuta wastani wao na kuuweka kama nukta kwenye karatasi. Katikati hupita mstari wa wastani wa jumla. Juu na chini yake huchorwa mistari miwili, ambayo ni mipaka ya udhibiti. Nukta zikicheza ndani ya mipaka bila mpangilio, fundi aiache mashine yake. Nukta ikitoka nje, asimame na kutafuta nini kimebadilika: malighafi mpya, kisu kilichokwisha makali, mtu mgeni kwenye zamu.

Wazo kubwa liko katika kugawanya tofauti makundi mawili. Zipo tofauti za bahati, zinazotokana na mambo mengi madogo yaliyomo ndani ya utaratibu wenyewe wa kazi: joto la chumba, mtikisiko wa mashine, unene wa bati. Zipo na tofauti zenye sababu inayoweza kutajwa na kuondolewa. Kumkaripia mfanyakazi kwa tofauti za kundi la kwanza ni kumwonea, kwa kuwa hana mamlaka nazo. Aliyenunua mashine na malighafi, na aliyepanga kazi, ndiye mwenye uwezo wa kuzipunguza. Katika viwanda vya miaka ile, ambako msimamizi alikata ujira kwa kosa lililoonekana mwishoni mwa mstari, wazo hili lilihamisha lawama kutoka kwenye benchi la fundi kwenda ofisi ya meneja. Huenda hiyo ndiyo sababu mameneja wengi hawakulikimbilia.

Mipaka yake aliiweka umbali wa sigma tatu kutoka kwenye wastani. Sigma, au mchepuko sanifu, ni kipimo cha namna matokeo yanavyotawanyika kuuzunguka wastani. Kwa nini tatu, si mbili wala nne? Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi. Mipaka ikibana mno, fundi atasimamisha kazi kila saa kutafuta sababu isiyokuwapo. Ikilegea mno, sababu ya kweli itapita bila kuonwa. Makosa yote mawili yanagharimu fedha, na uzoefu ulimwonyesha kuwa tatu inayapatanisha vizuri.

Hakutaka wazo lake liaminiwe kwa maneno. Alitengeneza vibati vidogo vya mviringo vyenye namba, akavitia kwenye bakuli, akawa anachota kimoja, anaandika namba, anakirudisha, anakoroga, anachota tena. Alifanya hivyo mara 4,000 kwa bakuli moja, akapata sampuli 1,000 za namba nne nne, kisha akachapisha matokeo kitabuni ili msomaji ahakiki mwenyewe. Zilikuwapo bakuli tatu, kila moja ikiwa na mpangilio tofauti wa namba. Katika zama ambazo kompyuta haikuwapo, huo ulikuwa uvumilivu wa kushona mkeka.

Mwaka 1925 Bell Telephone Laboratories iliundwa, naye akahamia huko. Alikaa mpaka alipostaafu mwaka 1956. Kitabu chake kikubwa, kuhusu udhibiti wa ubora wa bidhaa kwa njia ya kiuchumi, kilitoka mwaka 1931, mwaka mbaya kwa kitabu cha viwanda: mdororo wa uchumi ulikuwa umefunga mageti ya viwanda vingi Marekani. Pia si kitabu chepesi. Shewhart aliandika kwa tahadhari ya mtu anayeona kasoro katika kila sentensi yake, akiongeza masharti juu ya masharti, na wasomaji wengi walichoka njiani.

Waingereza walimsikiliza mapema. Mwaka 1932 alialikwa London kutoa mihadhara katika University College, na mwaka 1935 Egon Pearson akaandaa kiwango cha Uingereza, BS 600, kilichoeleza matumizi ya takwimu katika kudhibiti ubora. Hivyo kazi ya mwanafizikia wa Illinois ikaingia katika lugha ya taasisi za viwango, lugha ambayo baadaye ilirithiwa na mashirika ya viwango ya makoloni ya zamani, yakiwamo ya Afrika Mashariki.

Nyumbani, aliyembeba ni kijana wa takwimu katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, W. Edwards Deming. Naye alikuwa mwanafizikia, na aliwahi kufanya kazi za likizo Hawthorne. Mwaka 1938 Deming alimwalika Shewhart Washington kutoa mihadhara minne katika shule ya wizara hiyo, kisha akakaa naye kuigeuza kitabu kilichotoka mwaka 1939. Humo ndimo ulimo mduara wa hatua tatu, kuweka kiwango, kuzalisha na kukagua, kisha kurudi mwanzo kwa maarifa mapya. Mduara huo Deming aliuendeleza na kuusambaza, na leo kwenye kuta za ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam umebandikwa ukiwa na jina la Deming. Yeye mwenyewe hakuacha kusema ulitoka kwa Shewhart.

Hapo pana tabia ya Shewhart inayofaa kutajwa. Waliofanya naye kazi walimweleza kuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti, mkarimu wa muda wake kwa vijana. Hakujenga kampuni ya ushauri yenye jina lake wala hakutafuta umaarufu kwa wakuu wa viwanda. Alihariri mfululizo wa vitabu vya takwimu wa kampuni ya Wiley kwa zaidi ya miaka 20, kazi isiyo na makofi. Aliongoza vyama viwili vikubwa vya wanatakwimu wa Marekani. Umaarufu wa nje ulikwenda kwa Deming na kwa Joseph Juran, ambaye pia alianzia Hawthorne, mwaka ule ule wa waraka, 1924.

Vita ya Pili ya Dunia ilifanya kile ambacho vitabu vilishindwa. Jeshi la Marekani lilihitaji risasi na vipuri kwa mamilioni, na risasi haiwezi kujaribiwa yote, kwa kuwa iliyojaribiwa imekwisha. Viwango vya wakati wa vita vilivyojengwa juu ya chati zake vilitolewa, na mafunzo yakaendeshwa kote nchini humo. Vita vilipokwisha, viwanda vingi vya Marekani viliziweka chati kabatini, maana dunia nzima ilinunua chochote walichotoa. Waliofunzwa waliunda Chama cha Udhibiti wa Ubora cha Marekani mwaka 1946, wakamfanya Shewhart mwanachama wa heshima wa kwanza na kuanzisha nishani kwa jina lake.

Safari yake inayowagusa zaidi watu wa Bahari ya Hindi ilikuwa ya India. Mwishoni mwa 1947, miezi michache baada ya uhuru na mgawanyiko wa nchi hiyo, P. C. Mahalanobis wa Taasisi ya Takwimu ya India mjini Calcutta alimwalika. Alikaa kama miezi mitatu, hadi mwanzoni mwa 1948, akitembelea viwanda na kuzungumza na wahandisi na maofisa. Nchi changa iliyotaka kuuza nguo na bidhaa za chuma nje ilikuwa na swali lile lile lililoko leo kusini mwa Ruvuma: utamshawishije mnunuzi wa mbali kwamba bidhaa yako haitabadilika baada ya sampuli ya kwanza? Baadaye taasisi hiyo ya Calcutta ilimtunuku shahada ya heshima. Japani, kwa upande wake, ilimpata kupitia mwanafunzi: Deming alikwenda kufundisha mwaka 1950, Juran akafuata mwaka 1954.

Ni katika mkondo huo ndipo ilipozaliwa tarakimu ya uwezo wa mchakato. Shewhart alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya hadi leo. Mipaka ya udhibiti hutoka kwenye mchakato wenyewe na inasema mashine inafanya nini. Mipaka ya mnunuzi hutoka kwenye mkataba na inasema mnunuzi anataka nini. Hakuna sheria inayolazimisha hivyo viwili vikubaliane. Mwaka 1956, mwaka aliostaafu, Western Electric ilitoa kitabu cha mwongozo kwa mafundi wake kilichoeleza namna ya kuchunguza uwezo wa mchakato: kwanza chati itulie, kisha ndipo ulinganishe upana wa mtawanyiko na upana wa matakwa ya mnunuzi. Wajapani wakaifupisha linganisho hilo kuwa fahirisi, na katika miaka ya 1980 watengenezaji wa magari wa Marekani, wakiwa wamebanwa na Wajapani hao, wakaanza kuidai kwa kila muuzaji wao. Kutoka kwenye magari ikasambaa katika viwanda vingine.

Mfano wa kubuni utasaidia. Tuseme kiwanda cha maji ya chupa kinataka kuuza kwenye kambi ya wafanyakazi, na mnunuzi anataka kila chupa ya mililita 500 iwe na kati ya 490 na 510. Upana wa matakwa ni mililita 20. Mashine ya kujaza, ikiwa imetulia, ina sigma ya 2.5. Sigma sita ni 15. Gawanya 20 kwa 15, unapata 1.33. Hiyo ndiyo Cp. Ikiwa wastani umekaa sawasawa kwenye 500 na mtawanyiko ni wa kawaida, chupa zitakazotoka nje ya mipaka ni kama 63 katika kila milioni.

Sasa mtu aisogeze mashine hadi wastani uwe 505, labda kwa kuogopa wateja wanaolalamika chupa haijajaa. Cp inabaki 1.33 ile ile, kwa sababu mtawanyiko haujabadilika. Lakini mpaka wa juu umekaribia. Ndiyo maana kuna fahirisi ya pili, Cpk, inayopima umbali kutoka kwenye wastani hadi mpaka ulio karibu: 5 gawanya kwa 7.5, yaani 0.67. Chupa zilizozidi sasa ni kama 23 katika kila elfu. Ripoti inayotoa Cp peke yake imeficha hilo, hata kama aliyeiandika hakukusudia.

Kosa la pili ni la idadi. Muuzaji anapima chupa 30, anapata 1.33, anaandika 1.33 na kutia sahihi. Kwa chupa 30, hesabu za takwimu zinasema thamani ya kweli yaweza kuwa popote kati ya takriban 0.99 na 1.67. Kwenye 0.99 kasoro ni kama tatu katika kila elfu. Kwenye 1.67 hazifiki moja katika milioni. Namba moja yenye desimali mbili imebeba umbali wote huo tumboni mwake, na msomaji wa ripoti haambiwi. Ripoti ya haki ingetaja idadi ya vipimo, siku zilizochukuliwa, na kiasi cha shaka kilichobaki.

Kosa la tatu ndilo lingemsikitisha zaidi mzee huyo wa New Canton: kutoa fahirisi bila chati. Ikiwa zamu ya usiku inajaza tofauti na ya mchana, au maji yanabadilika joto mchana kutwa, hakuna mchakato mmoja wa kupimwa. Kuna michakato miwili au mitatu iliyovaa jina moja. Fahirisi itatoka, kwa kuwa kikokotoo hakikatai namba, ila haitabiri kitu. Kwa Shewhart, mchakato uliotulia ni ule ambao yaliyopita yanakuruhusu kukisia yajayo ndani ya mipaka. Pasipo utulivu huo, kuzungumzia uwezo ni kuzungumzia mvua ya mwaka kesho.

Afrika Mashariki imeshalipia somo hili mipakani. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama, na siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, kiwango cha Jumuiya. Sumukuvu haisambai sawa ndani ya gunia. Kiganja kimoja chaweza kuwa safi na kinachofuata kikawa na sumu ya kutosha lori zima, kwa hiyo cheti cha sampuli moja mpakani ni chupa 30 za mfano wetu, tena mbaya zaidi. Ukaushaji na uhifadhi wa mkulima ndio mchakato wenye kupimwa, na huo uko mamia ya kilomita nyuma ya lori. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji inataka nchi wanachama zikubali alama za ubora za wenzao. Kukubali alama ni kukubali uwezo wa aliyeipata, na uwezo hauonekani kwenye muhuri.

Kusini mwa Ruvuma mambo yanaongezeka tabaka. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imo SADC pamoja na Tanzania, ina taasisi yake ya viwango, INNOQ, na karatasi zake ni za Kireno. Sokoni Palma, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili vinatosha kununua samaki, nazi na mafuta ya taa vilivyovuka mto. Havitoshi kuuza bolti. Mradi wa nchi kavu wa rasi ya Afungi, ulioidhinishwa Juni 2019 kwa gharama ya takriban dola bilioni 20, uliahidi kazi kwa wauzaji wa ndani, kisha Machi 24, 2021 wapiganaji wakaishambulia Palma, watu wakakimbilia baharini na porini, na mwezi uliofuata Total ikatangaza kushindwa kuendelea na mkataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tangazo hilo liliondolewa mwishoni mwa 2025. Wauzaji wa Pemba, Palma na Mtwara waliosubiri miaka hiyo wanarudi kwenye fomu zile zile, zenye kisanduku kile kile cha kujaza.

Kisanduku hicho kinaweza kujazwa kwa uaminifu bila mashine za bei kubwa. Kalamu, karatasi ya mraba, mizani iliyohakikiwa na fundi anayekubali kuandika namba aliyoiona, hata kama haimpendezi mkubwa wake, vinatosha kuanza chati. Hawthorne ya 1924 haikuwa na zaidi ya hivyo. Kinachohitajika zaidi ni meneja asiyeikimbilia fahirisi kabla nukta hazijatulia, na mnunuzi anayekubali kwamba 1.1 iliyopimwa kwa wiki sita ina thamani kuliko 1.67 iliyopatikana asubuhi moja. Wa pili ndiye adimu zaidi, kwa sababu mfumo wa zabuni huchuja kwa namba, na anayesema ukweli wenye shaka huchujwa mapema.

Baada ya kustaafu, Shewhart aliishi New Jersey, akisoma na kupokea wageni. Alifariki dunia Machi 11, 1967, Troy Hills, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 76. Cabo Delgado wakati huo ilikuwa katika mwaka wa tatu wa vita vya ukombozi vilivyoanzia Chai, na gesi ya bonde la Ruvuma ilikuwa bado imelala chini ya bahari bila mtu kuijua.